Alama ya Cyril

Tangu mumewe, Cyril, azikwe, Enid Bagley alikuwa akizungumza na redio, maana nyumbani hapakuwa na mwingine. Ndiyo maana mwaliko wa akina Orpwood ulipofika hakuutupa jalalani, ingawa ndipo mahali pake. Hao ndio waliofunga karakana yao ya saa mjini Coventry, Uingereza, wakawaacha mafundi wakakunje mabati kwenye viwanda vya magari. Sasa mjukuu wao, Jolyon, amelifufua jina la ukoo, na saa yake moja ya mkono humla mfanyakazi mshahara wa mwaka. Alitaka watu wa zamani wa karakana waje wapigwe picha. Watu wa zamani waliobaki ni Enid peke yake.

Akavaa koti la kuendea kanisani, akapanda basi.

Jolyon alikuwa na adabu, hilo hanyimwi. Alimkalisha, akamletea chai na biskuti, akamwekea saa kiganjani. Enid, aliyekuwa akipaka namba kwenye nyuso za saa kabla hajaolewa, aliikubali kimoyomoyo: mishale iliyochomwa motoni mpaka ikawa buluu, uso mweupe kama maziwa. Kazi ni kazi. Kisha akaigeuza.

Nyuma, chini ya kioo, kwenye bamba la shaba, palikuwa na mikwaruzo miwili na kikulabu.

"Hii nini?"

"Nembo ya familia, Bibi. Tuliikuta kwenye saa ya babu, imefichwa chini ya uso. Siku hizi mashine inaichonga kwenye kila saa. Wateja wanaipenda hiyo kuliko saa yenyewe."

Enid akaweka kikombe chini. Mafundi walikuwa na siri yao: jina la tajiri lilikaa usoni, na aliyeiunda saa alikwaruza alama yake chini ya uso, mahali ambapo fundi mwenzake tu angeiona siku ya kuifungua. Kwa akina Orpwood ilikuwa marufuku. Mikwaruzo miwili na kikulabu ilikuwa alama ya Cyril, naye alinaswa. Babu yake Jolyon alimsimamisha mbele ya wote, akamwambia saa si ukuta wa choo, akamfukuza. Hakupata tena meza ya fundi popote, mpaka anakufa. Wenye mali hawapotezi kitu: walimtupa mtu, wakauweka mkwaruzo wake.

Aliyasimulia hayo bila kupandisha sauti. Mpiga picha akashusha kamera. Jolyon aliiva masikio kwa aibu; akasema inasikitisha kweli, jina la Cyril litatafutiwa nafasi, ila kwanza lazima azungumze na wenye hisa.

"Zungumza nao," Enid akasema. "Na mimi nazungumza na redio."

Mezani palikuwa na bamba la saa nyingine, tupu, likiwa na nembo ile ile, na kando yake sindano ya chuma. Enid akaichukua. Chini ya nembo akakwaruza: C. Bagley.

"Bibi," Jolyon akanong'ona, "umeshaliharibu."

"Basi mfukuze tena."

Kwenye basi alicheka peke yake, akiipanga hadithi: wapi atue, wapi aigize sauti ya mzee Orpwood, maana hapo ndipo Cyril alipokuwa akicheka mpaka akohoe. Aliipanga njia nzima. Alikuwa ameshautia ufunguo mlangoni ndipo alipokumbuka. Akabaki pale barazani, mkono kwenye kitasa, habari tamu mdomoni na wa kumpa hayupo.