Kipande cha Mti cha Moustapha

Mimi Mathe ni seremala, na mke wangu alipigiliwa kipande cha mti na mwanaume mwingine. Naanzia hapo kwa sababu hapo ndipo paliponiuma.

Élise, mama wa binti yetu Abigaïl, anafulia watu nguo hapa Bulengera, ndani ya karavani, ile nyumba ya magurudumu waliyoiacha mainjinia wa barabara. Ameweka humo mashine ya kufulia. Ikifika kukamua ilikuwa inaruka, inagonga ukuta, karavani nzima inatikisika hadi kuku wanakimbia. Akamwita Moustapha, fundi wa Beni, kijana wa meno meupe na maneno mengi.

Nilisimama mlangoni kumchunga. Kwanza alitoa blanketi lililojikunja peke yake ndani ya mashine, akalichanganya na kanzu za kwaya ili uzito ugawanyike. Mashine ikaruka vilevile. Ndipo akaweka beseni la maji sakafuni, na maji yakaegemea upande wa mlango.

"Mama Abigaïl, mashini hapana na shida," akasema. "Ni nyumba ndiyo inalala upande."

Akatoka, akachonga kipande cha mkaratusi, akakipigilia chini ya mguu wa karavani. Mashine ikakamua kimya. Élise akampigia makofi. Mimi sijapigiwa makofi tangu siku ya harusi! Wivu ulinipanda.

Kesho yake asubuhi niliaga naenda karakanani, nikazunguka nyuma, nikaking'oa, nikaenda kukificha chini ya maranda. Nilitaka mke wangu aone kwamba fundi wake ni bure kabisa.

Kumbe mchimba kisima huingia mwenyewe. Mashine iliporuka, Élise hakumlaumu Moustapha, alimpigia simu. Akaja na shati jipya. Wakacheka, wakanywa chai. Nikang'oa kipande cha pili, akaja tena. Cha tatu, vilevile. Wiki haijaisha, mtu nisiyetaka kumwona alikuwa amekula bugali kwangu kuliko mashemeji zangu wote, na aliyekuwa akimleta ni mimi.

Mara ya nne aliinama chini ya karavani, akapapasa alama za pale nilipong'oa. Aliposimama alinitazama mimi, kisha akafunga mfuko wake wa vyombo.

"Mama Abigaïl, dawa ya hii hapana kwangu tena," akasema. "Iko kwa mwenye nyumba."

Akapanda pikipiki yake, akaenda.

Élise alizima mashine. Alikuja moja kwa moja karakanani kwangu, akafukua maranda chini ya meza ya randa, akavitoa vile vipande vitatu na kuvipanga mbele yangu. Nilingoja anitukane. Ningefurahi kutukanwa.

"Mi nilikuomba weye wa kwanza," akasema taratibu. "Mwezi muzima. Papa Abigaïl, uniletee kipande ya muti, mashini iko inaruka. Ukasema kesho. Kila siku kesho. Ile kesho iko wapi?"

Sikukumbuka hata kwamba aliniomba.

Nikanyanyuka haraka, nikashika ubao wa libuyu, ule mzuri niliouweka kwa kitanda cha mteja, nikamwambia ngoja nikukatie sasa hivi.

"Acha," akasema. "Nitaweka mwenyewe."

Karakana yangu imejaa mbao hadi darini. Élise akainama, akachukua kimoja cha vile vya Moustapha, akatoka nacho.