Asiyejibu Atolewe au Abaki

"Kaimu, nipe jibu. Mgonjwa asiyejibu ujumbe, tumtoe kwenye zamu au tumwache?"

Aliyeuliza alikuwa Chuma, kiongozi wa waandishi wa programu, jamaa mrefu mkavu ambaye hakuwa mtu wa kuzungushwa. Kikao cha asubuhi pale ofisini kilifanywa kwa kusimama ili kiishe upesi, lakini leo walikuwa wamesimama mpaka mmoja akaegemea ukuta na mwingine akavua kiatu akawa anasugua kisigino.

"Namsubiri Mkurugenzi," alisema Kaimu.

"Tangu wiki iliyopita unamsubiri Mkurugenzi."

"Nimempigia jana, nimempigia leo alfajiri. Ujumbe wangu ameusoma. Hajajibu tu."

"Basi na yeye tumtoe," sauti moja ilisema kutoka nyuma, na wote wakaangua kicheko. Kaimu naye akacheka, asionekane amenuna.

Meneja alichungulia mlangoni, kikombe mkononi. "Jamani, alasiri bodi ya hospitali inakuja kuuona mfumo. Ukipita, unawashwa leo leo. Sitaki kusikia bado hiki, bado kile." Akamtazama Kaimu peke yake, kisha akaondoka.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kila mfumo unaojengwa huwa na mwenyewe, mtu mmoja wa upande wa mteja anayesema kipi kijengwe kwanza, kipi kisubiri, na kitu fulani kikitokea kifanywe nini. Mwenye mfumo huu, wa kupanga zamu za wagonjwa kwenye mashine za kusafisha damu na kuwatumia ujumbe waseme kama watakuja, alikuwa Mkurugenzi wa kituo cha figo katika hospitali kubwa ya mji. Lakini Mkurugenzi alikuwa mtu wa safari na vikao, hana nafasi ya kukaa na watu wa kompyuta. Ndipo kampuni ikamtafuta mwanamke huyu, aliyekuwa akiandika vitabu vya maelekezo, ikamweka asimame badala yake. Jina la cheo chake lilikuwa refu na gumu, kwa hiyo wenzake wakamwita Kaimu, basi likamganda.

Shangazi yake, aliyekuwa akiishi naye kwenye vyumba viwili vya kupanga, hakuwahi kuielewa kazi hiyo. "Kwani wewe hasa unafanya nini huko?" aliuliza siku moja, huku anapiga pasi.

"Ninasema kwa niaba ya mtu, shangazi."

"Na huyo mtu ni bubu?"

Walicheka mpaka pasi ikaunguza gauni. Lakini siku za karibuni swali lile halikumchekesha tena. Mara ya kwanza alipoamua jambo mwenyewe, dogo tu, Mkurugenzi aliandika barua pepe akiuliza nani kampa ruhusa. Mara ya pili hakuamua, akasubiri, na kundi zima likakaa bila kazi. Meneja akamwambia amezembea. Akiamua, amevuka mipaka. Asipoamua, mvivu. Na mkataba wake ulikuwa unaisha mwezi huo huo, wakati mwenye nyumba naye ameshapita mlango hadi mlango kuwaarifu wapangaji kwamba kodi inapanda.

Kikao kilipovunjika, Kaimu alichukua mkoba wake akaenda hospitalini.

Ofisi ya Mkurugenzi ilikuwa mwisho wa korido ndefu iliyonuka dawa ya kufutia sakafu. Katibu muhtasi hakuinua macho.

"Una miadi?"

"Hapana. Mimi ndiye ninayemwakilisha kwenye mradi wa mfumo wa zamu."

"Unamwakilisha?" Sasa aliinua macho. "Kama wewe ndiye unayemwakilisha, unamtafutia nini tena?"

Kaimu aliutazama mlango wa ndani uliofungwa.

"Ana wageni. Kakae pale na wenzako."

Wenzake walikuwa wagonjwa. Walikaa kwenye benchi la chuma kando ya mlango wa chumba cha mashine, wakingoja kuitwa wakasafishwe damu. Kaimu alisogezewa nafasi na mama mmoja mnene wa uso, aliyevimba miguu hata kandambili hazikumwingia vizuri. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na mshipa uliotuna kama kamba.

"Na wewe ni figo?" mama aliuliza.

"Hapana, mama. Nimekuja kikazi."

"Mshukuru Mungu."

Kaimu alitazama mlango wa Mkurugenzi, akatazama simu yake, akautazama tena mlango. Hatimaye akauliza, "Mama, wakianza kuwatumia ujumbe siku moja kabla ya zamu, mjibu kama mnakuja, utaweza?"

"Ujumbe wa simu?"

"Ndiyo."

"Simu anakaa nayo binti yangu, yuko dukani kwa watu kutwa nzima. Akirudi usiku ndipo ananisomea. Mimi mwenyewe herufi sizioni siku hizi."

"Na usipojibu mapema, zamu yako akapewa mwingine?"

Mama alimgeukia mwili mzima. "Mwanangu, nijibu nini? Kwani nisipojibu, figo ndiyo zimepona?"

Mzee aliyekuwa upande wa pili alicheka kwa pua. Mama hakucheka. "Niliwahi kukosa zamu moja, barabara zilifungwa kwa mafuriko. Maji yakanipanda kifuani. Nililala nimekaa, binti ananishika mgongo nisianguke. Zamu moja tu hiyo." Akaitwa jina lake, akainuka kwa kujivuta akaingia ndani.

Mlango wa Mkurugenzi ulifunguka. Alitoka akiwa na simu sikioni na koti begani, akapita haraka. Kaimu alimkimbilia korido nzima na ngazi zote, mkoba ukimpigapiga kiunoni, akamfikia anafungua mlango wa gari.

"Mkuu, samahani. Ni swali moja tu."

"Aa, ni wewe." Alishusha simu. "Si tulikuweka ili uniondolee maswali?"

"Hili ni lako, mkuu. Mgonjwa asiyejibu ujumbe. Mfumo umtoe kwenye zamu, au umwache na muuguzi ampigie simu?"

"Bodi inataka mashine zisikae bure. Unalijua hilo."

"Kwa hiyo tumtoe?"

"Sikusema hivyo."

"Tumwache?"

"Wewe una akili zako. Tazama inavyofaa."

"Basi niwaambie wenzangu kwamba umesema..."

"Mimi sijasema kitu," alisema Mkurugenzi, akaingia garini. Kioo kikapanda. Kaimu akabaki anajiona humo, nywele zimetimka, jasho juu ya mdomo.

Ofisini alimkuta Chuma amekaa, mikono kifuani.

"Haya."

"Kipi ni rahisi?" Kaimu aliuliza.

"Kumtoa. Hiyo iko tayari. Tukimwacha, inabidi tutengeneze sehemu ya muuguzi kuona majina ya kupigia. Kwa muda uliobaki tutabanana, ila inawezekana."

Kaimu aliweka mkoba mezani. Aliwaza kodi. Alimwaza shangazi na begi lake la dawa za shinikizo la damu. Alikumbuka barua pepe ya Mkurugenzi, jinsi ilivyopelekwa kwa wakubwa wote ili waisome.

"Mwacheni," alisema. "Asiyejibu abaki, apigiwe simu na mtu."

"Nani kasema?"

"Mimi."

"Wewe kama nani?"

"Kama mimi, Chuma."

Chuma alivuta kibodi karibu. "Poa. Lakini wakinigeukia, mimi sikujui."

"Hunijui."

Hakuna aliyekwenda kula. Kelele ikawa ya vibonye tu, na mara kwa mara mtu kulaani kwa sauti ya chini. Kaimu alikaa kando ya dada wa majaribio, ambaye kazi yake ni kuujaribu mfumo, akisoma kila neno litakaloonwa na muuguzi, akifuta, akiandika upya. Walimaliza wageni wakiwa wanapanda ngazi.

Wajumbe wa bodi walijaa kwenye chumba cha mikutano. Mwenyekiti alikuwa bibi mwenye sauti ya upole aliyevaa miwani ya kamba. Mkurugenzi alikaa kulia kwake, mchangamfu, akitaniana na kila mtu. Kaimu alionyesha mfumo ukutani hatua kwa hatua. Wajumbe walitikisa vichwa. Mmoja alisema hongereni.

Mwenyekiti alivua miwani. "Asiyejibu ujumbe anakwenda wapi?"

"Anabaki kwenye zamu yake, mheshimiwa. Jina lake linamfikia muuguzi ili apigiwe simu."

"Na asipopatikana, mashine ikae bure? Nani aliamua hivyo?"

Macho yote yalimwendea Mkurugenzi. Mkurugenzi alivuta tai yake kidogo. "Mimi hilo sikulipitisha. Ndiyo kwanza naliona hapa pamoja nanyi."

Alimruka mchana kweupe. Meneja akainamisha kichwa, akawa anasoma chupa yake ya maji.

"Nimeamua mimi," alisema Kaimu. "Nilimuuliza Mkurugenzi tangu wiki iliyopita. Leo nimemuuliza kwenye mlango wa gari lake. Hakusema tuwatoe, hakusema tuwaache. Mfumo haujui kusubiri, lazima ufanye kimoja."



"Basi si yuko hapa?" alisema Mwenyekiti. "Muulize."

Kaimu aligeuka. "Mkurugenzi, mgonjwa asiyejibu, tumtoe?"

Mkurugenzi alitabasamu, akatazama wajumbe, akatazama dari. "Unajua, hili ni suala la kitaalamu. Lina pande nyingi. Nadhani liende kwenye kamati."

"Na mpaka kamati ikae, wagonjwa wa kesho tuwafanyeje?"

Mjumbe mmoja alikohoa. Mwenyekiti alirudisha miwani puani, akafunua ukurasa. "Liende kwenye kamati. Kwa ujumla mfumo ni mzuri. Tuendelee."

Baadaye, wageni walipokwisha kusindikizwa, Meneja alimvuta Kaimu pembeni kwenye korido.

"Umemvua nguo mteja mbele ya wakubwa zake. Unaelewa maana yake?"

"Niliulizwa nani aliamua, bosi. Nikajibu."

"Ungesema litaangaliwa. Neno hilo lingekugharimu nini?" Aliminya pua, akionekana amechoka kweli. "Mkataba wako siwezi kuutetea. Kuanzia kesho kwenye nafasi hiyo atasimama mtu mwingine."

Kaimu akashika ukuta. Alikuwa amelitarajia neno hilo tangu asubuhi, na bado lilimkuta kama kofi.

"Na huyo mwingine ataruhusiwa kuamua?"

Meneja alifikiri. "Ataruhusiwa kuuliza," alisema, akaenda zake.

Kaimu alirudi kukusanya vitu vyake. Kundi zima lilikuwa limekwisha kusikia. Kuta za ofisi zile zilikuwa mbao tupu. Dada wa majaribio alimletea mfuko. Chuma alikuwa bado mbele ya kompyuta, kidole hewani.

"Wanataka niwashe jioni hii," alisema. "Niwashe upi?"

"Uliopo."

"Wa kuwaacha?"

"Bodi imesema liende kwenye kamati. Kamati ikikaa itakuambia."

"Kamati haikai, Kaimu. Unaijua kamati."

"Naijua," alisema Kaimu. "Washa."

Chuma alibonyeza. Ujumbe wa kwanza ukaondoka, kisha mwingine, kisha yote kwa mkupuo. Baadhi ya majina kwenye kioo yakaanza kupata alama ya kijani ya waliojibu, moja baada ya jingine. Mengine hayakupata kitu. Kaimu alisimama na mfuko wake mkononi akiyatazama yale yasiyojibu, kila moja mahali pake, mpaka mlinzi alipoanza kuzima taa za korido.