Kwa Miguu Chini ya Kanmon

Tokie hakuwa amekanyaga Moji, mji wa bandari alikozaliwa Japani, tangu akiwa na miaka minane. Mama yake alipofiwa na mume, alimchukua mtoto wakahamia Hita, milimani, na huko ndiko Tokie alikokulia, akaolewa, akazeeka. Sasa alikuwa na miaka sabini na mmoja, na wenzake wawili wa darasa la kushona, Masayo na Hatsue, ndio waliomkokota hadi kwenye treni asubuhi ile. Walitaka kutembea tu. Naye hakuwaambia kwamba huko ndiko alikozaliwa.

Walikula wali wa mchuzi wa bizari uliookwa na jibini, Masayo akaungua ulimi na kumlaumu mpishi, kisha wakafuata ufuko hadi chini ya daraja kubwa. Hapo Tokie akayaona maji ya Kanmon, mlango mwembamba wa bahari. Yalikwenda mbio kama mto uliofurika, yakijisokota na kutoa povu, na meli iliyokuwa ikipanda dhidi ya mkondo ilionekana kama imesimama.

"Mama yangu! Yote haya yanakimbilia wapi?" Hatsue aliuliza.

"Saa hizi magharibi," Tokie alijibu kabla hajajizuia. "Baadaye yatageuka. Mara nne kwa siku yanageuka."

"Wee! Mtu wa milimani umeyajulia wapi hayo?" Masayo akacheka.

Tokie akatangulia mbele. Wakaingia kwenye lifti ya kushukia njia ya waenda kwa miguu iliyo chini ya bahari, ikawashusha chini kabisa, masikio yakaziba. Mbele yao kulikuwa na njia ndefu iliyonyooka, yenye taa nyeupe, ikiteremka taratibu kisha ikipanda hadi Shimonoseki, mji wa ng'ambo. Watu walipita wakifanya mazoezi ya kukimbia, wakiwaamkia.

"Yaani bahari iko hapa juu?" Hatsue alinong'ona, akiutazama utosi wa Masayo kana kwamba unaweza kulowa.

"Iko, na meli zake," Masayo alisema. "Usipige chafya."

Katikati, sakafuni, palichorwa mstari wa kutenganisha mikoa miwili. Masayo aliweka mguu mmoja huku, mwingine kule, akitaka apigwe picha. Tokie hakuitoa simu. Aliinua uso akatazama dari.

"Tokie? Una nini, shoga?" Masayo akauliza.

"Baba yangu yuko juu hapo."

Akawaeleza papo hapo, amesimama. Baba yake alikuwa baharia wa tishali, chombo bapa cha kubebea makaa. Siku ya ukungu mkondo ulilipindua, wenzake wawili wakaokolewa, yeye hakuonekana tena. Hakuzikwa. Miaka sitini na mitatu Tokie hakuwa na mahali pa kumwamkia.

Masayo alivuta miguu yake akaiweka pamoja. Alivua kofia, akainama hadi kiuno chini ya dari ile, na Hatsue akainama pia. Kijana mmoja aliyekuwa akikimbia aliwaona, akasimama, akainama nao bila kuuliza.

Walipotoka upande wa pili, meli ya makontena ilikuwa ikipita karibu mno, ndefu kuliko mtaa, ikiziba milima yote ya Moji. Ardhi ilinguruma miguuni mwao. Tokie alihisi mwili wake umekuwa mdogo kama punje, na ajabu ni kwamba hakuogopa.

"Baba!" aliita kwa sauti yake yote. "Mimi Tokie! Nimezeeka!"

Masayo akalia waziwazi. Hatsue, aliyezoea kupanga kila kitu, akafuta macho na kusema warudi wakatafute lifti.

"Hapana," Tokie alisema. "Turudi kwa boti. Nataka kupita juu yake."

Boti ndogo iliruka na kujigonga mawimbini, maji ya chumvi yakawarukia usoni, Masayo akipiga mayowe. Tokie alikaa mbele kabisa, kiganja chake nje ya ukingo. Kabla hajamaliza kumwambia baba yake kuhusu wajukuu, tayari walikuwa wamefika Moji.

"Dakika tano tu?" alimuuliza baharia aliyekuwa akiifunga boti kamba, akiwa haamini. "Kumbe kupita juu yake ni dakika tano tu?"