Vyumba Sita vya Fatu Mdoe

Shuka za chumba namba nne zilikuwa na mafuta ya gari. Dereva wa lori aliyelala humo hakuvua hata suruali ya kazi, akaondoka alfajiri na kuacha doa jeusi kutoka kwenye mto mpaka miguuni. Fatu Mdoe alizitumbukiza kwenye karai, akazifikicha kwa kipande cha sabuni kilichobaki ukubwa wa kidole gumba. Sabuni nyingine haikuwepo. Duka la ushirika lilikuwa na chumvi na viberiti tu, na kwa walanguzi mche mmoja ulikuwa bei ya kuku.

"Huyo alilala na injini yake," Mwaija, mpishi, alisema kutoka jikoni huku akimenya mihogo ya wageni. "Acha hiyo, dada. Kimbia. Bohari linafunguliwa saa mbili. Nitakusuuzia mimi."

"Katibu akija?"

"Nitamwambia umekwenda kutafuta buluu ya kung'arishia shuka. Nenda!"

Fatu alijifunga kanga ya pili, akachukua mfuko wake, akatoka mbio.

Ilikuwa mwaka sabini na nne. Mvua ilikuwa imewanyima watu mara mbili mfululizo, na kule Handeni watu walichimba mizizi porini. Mama yake Fatu, Bibi Swaumu, alikuja Korogwe kwa miguu baada ya kuhamishiwa kijiji kipya, mbali na shamba lake, mahindi yakiwa yamefika magotini. Sasa walikuwa wanne katika chumba kimoja huko Manundu: bibi, Fatu na watoto wawili. Siku ya tatu hiyo walikuwa wakila maembe mabichi ya kuchemsha kwa chumvi, na mtoto mdogo alikuwa ameanza kuharisha.

Lakini unga wa msaada ulikuwa umefika, ule wa njano ambao watu waliuita yanga. Wiki iliyopita balozi wa nyumba kumi alipita akiandika majina. Leo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kugawa.

Foleni ilizunguka bohari mara mbili. Walikuwepo watu wa Mazinde na hata wa Kerenge waliotembea tangu usiku, wakafukuzwa kwa kuwa si wa mjini, na bado hawakuondoka. Jua lilikuwa kali Fatu alipofika mbele ya meza ya karani, Habakuki.

"Fatu Mdoe." Habakuki aliteremsha kidole kwenye orodha. "Hayumo. Ngoja kwanza." Akafunua ukurasa wa nyuma. "Uko huku. Wenye biashara. Wenye biashara hawapati msaada."

"Biashara gani, kaka Habakuki?"

"Nyumba ya kulala wageni. Vyumba sita."

Foleni ikaangua kicheko. Fatu naye alicheka, akidhani ni utani.

"Vyumba sita navifagia!"

"Hapa hapakuandikwa kufagia."

"Mwanangu," bibi mmoja nyuma yake alisema, "una vyumba sita, unakuja kubanana na sisi ambao chumba chetu hakina hata mlango? Haya huna?"

"Tajiri, pisha!" mwingine akapiga kelele. "Nenda kale mito na magodoro!"

Fatu alishika ukingo wa meza. Habakuki aliinama, akashusha sauti.

"Dada Fatu, Korogwe nzima inajua nyumba ile ni ya nani. Lakini mimi nafuata karatasi, na karatasi inasema ni yako." Kisha akamtazama vizuri, na uso wake ukabadilika. "Kwani wewe ulikuwa hujui?"

Hakujua kwamba iliandikwa kwa jina lake. Mji mzima ulijua, isipokuwa yeye.

"Basi kasome ukutani kazini kwenu," Habakuki alisema. "Si unakwenda kisomo? Anayefuata!"

Leseni ilining'inia juu ya meza ya mapokezi ya nyumba ya wageni, ndani ya fremu yenye kioo. Kwa miaka miwili Fatu alikuwa akiifuta vumbi kila Ijumaa. Hakuwahi kufikiri kwamba ni kitu cha kusomwa. Kitu kikikaa sana ukutani hugeuka kuwa ukuta. Na herufi alizozijua zilikuwa zile za ubaoni, kubwa, za chaki, ambazo mwalimu Agripina alizichora kila alasiri katika darasa la kisomo. Sasa alivuta kiti, akapanda, akaweka kidole kwenye kioo.

"Le-se-ni. Nyu-mba ya ku-la-la wa-ge-ni." Jasho lilimtiririka shingoni. "Mwe-nye nyu-mba. Fa-tu bi-nti Mdo-e."

Akasoma tena. Chini ya jina palikuwa na alama ya kidole, na katikati ya alama hiyo mstari mweupe umekata kutoka upande hadi upande. Akageuza kidole gumba chake. Kovu lilikuwepo, lile la mwiba wa mkonge alilolipata akiwa msichana, akikata majani shambani. Alikumbuka siku ile, kijisanduku cha wino na sauti ya upole ya Katibu: "Weka hapa, mwanangu, ni fomu ya kuajiriwa."

Akashuka, akakaa sakafuni pale pale alipokuwa amepiga deki asubuhi.

"Umepata kilo ngapi?" Mwaija alikuja akifuta mikono. "We! Una nini?"

Fatu alimweleza. Mwaija, ambaye hakuwahi kukaa darasani hata siku moja, aliinua macho akaitazama ile fremu kama anayetazama nyoka darini.

"Kwa hiyo wewe ndiye bosi wangu," alisema hatimaye. "Niongeze mshahara basi."

Walitazamana. Kicheko hakikuja.

Mchana Land Rover ikaingia uani. Alishuka Mzee Semboja, Katibu wa chama, na mgeni wake, Ndugu Mbaruku, bwana maendeleo mpya wa Handeni, kijana mwenye kaunda suti na daftari.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Fatu. Chai mbili. Ya mgeni tia sukari."

Huyu Semboja ndiye aliyesimama mkutanoni kila Jumamosi akawaeleza wananchi kwamba kiongozi mwenye nyumba ya kupangisha ni kupe, na kupe hupasuliwa kwa ukucha. Watu walimpigia makofi. Fatu naye alipiga.

Alipotoka jikoni na birika, mlango wa sebule ulikuwa wazi.

"Watu wengi hujenga kwanza, ndipo watafute wageni," Semboja alikuwa akisema. "Kosa. Wewe kasimame stendi pale kwenu Chanika siku tatu. Tazama wanaoshuka na mizigo jua likizama. Hao ndio nyumba yako. Kama hawapo, lima ufuta."

Kalamu ya Mbaruku ilikimbia.

"Shuka ziwe nyeupe. Mgeni akiona rangi, anajua unaficha kitu. Hela kabla ya ufunguo, hata kwa shemeji yako. Tena shemeji ndiyo hasa. Usiuze pombe. Pombe huleta ugomvi, ugomvi huleta polisi, na polisi wana maswali."

"Na Azimio la Arusha, mzee?" Mbaruku aliuliza polepole. "Sisi viongozi tumekatazwa kupangisha…"

Semboja akacheka mpaka kiti kikalia. "Azimio linatafuta majina, ndugu yangu. Wewe usiwape jina."

"Nilifikiria la mke wangu."

"La mke ndilo wanaloanza kupekua. Na siku mkikosana, anabaki na nyumba yako. Tafuta mtu asiyejua kalamu. Maskini, mtulivu, mwenye watoto. Mpe kazi hapo hapo, ili asiende mbali."

"Akija kudai?"

"Atadai nini? Hajui kama anacho."

Fatu alikuwa ameshafika mezani. Alimimina chai, ikajaa kikombe, ikajaa kisahani, ikafika kwenye daftari, na mkono wake haukuacha kumimina.

"Angalia, wewe!" Mbaruku aliruka.

"Mwache, amechoka," Semboja alisema. Akatoa karatasi kwenye mkoba, pamoja na kijisanduku cha wino. "Ni vizuri umekuja. Lete kidole, mwanangu. Zile fomu za kazi za kila mwaka."

Fatu aliweka birika chini. "Mzee, leo nimenyimwa unga. Nimeambiwa mimi ni mwenye nyumba."

Semboja hakushtuka. Alitabasamu kama baba anayemkuta mtoto ameiba sukari.

"Habakuki ana mdomo mpana. Lakini unga ndiyo shida yako? Ungesema." Akampigia kelele dereva aliyekuwa uani. "Lete lile debe!"

Debe likaletwa, likawekwa katikati ya sebule. Limejaa mpaka mdomoni. Fatu aliuona ule unga, akaijua ile rangi. Ulikuwa wa njano. Nje ya bohari watu wa Kerenge walikuwa wamelala juani wakisubiri kiganja kimoja cha unga huo huo.

"Weka kidole, ubebe," Semboja alisema. "Na mwezi ujao, lingine. Hutapanga foleni na wale watu tena."

Fatu alimfikiria mama yake, alimfikiria mtoto anayeharisha. Debe lile lingewalisha mwezi mzima. Mkono wake ulitoka chini ya kanga, ukasogea mezani, ukapita kijisanduku cha wino, ukaichomoa kalamu kwenye vidole vya Mbaruku.

Aliandika akiwa ameinama, ulimi nje, herufi kubwa zilizopanda na kushuka nje ya mstari. Ilichukua muda. Alipomaliza, Semboja aliigeuza karatasi akasoma palipotakiwa jina la mwenye nyumba:

MIMI NAFUA SHUKA

Kwa mara ya kwanza siku hiyo, mdomo wa Katibu ulibaki wazi.

"Nani kakufundisha kuandika?"

"Serikali," Fatu alisema.

Mbaruku alikohoa. Semboja aliichana fomu vipande viwili, taratibu, kisha vinne. "Andika na hili, ndugu Mbaruku. Anayekwenda kisomo, usimguse." Akatia mkono mkobani, akatoa fomu nyingine, safi. "Na fomu huchukui moja. Mimi huchukua tano. Fatu, wewe huna kazi hapa. Kesho nenda kapange foleni yako, jina lako nitalifuta kwa wenye biashara. Mwaija!"

Mwaija alikuja, unga wa mhogo mikononi. Fatu alimshika bega.

"Usiweke! Ni ile karatasi ya ukutani. Ukiweka, wewe ndiye mwenye nyumba, na kwa Habakuki utawekwa ukurasa wa nyuma. Hutapata unga, Mwaija. Nimeisoma mwenyewe!"

Mwaija alisikiliza mpaka mwisho. Alitazama fomu, ambayo kwake ilikuwa weupe na weusi tu, kisha akalitazama debe. Alikuwa na watoto wanne.

"Kwa Habakuki ni kilo mbili, dada," alisema kwa sauti ndogo. "Hili ni debe."

Akauondoa mkono wa Fatu begani, bila hasira. Akafuta viganja vyake kwenye kanga, mbele na nyuma, kama mtu anayekwenda kula.

"Kidole kipi, mzee?"