Mongina na Mashine ya Chai

Fomu ya kuchagua masomo ya shule ya upili ilitakiwa kurudi kesho, imetiwa sahihi ya mzazi, na Mongina alikuwa ameikunja mpaka ikatoshea ndani ya soksi. Msichana wa gredi ya tisa, mrefu kumshinda mwalimu mkuu, lakini jioni hiyo alimwogopa mama yake kama mtoto wa chekechea.

Alikuwa na sababu. Mama yake, Esnah, alitoka Kisii akiwa msichana, akachuma chai miaka kumi na minane katika shamba kubwa nje ya Kericho. Halafu zikaja mashine za kuchuma. Moja ilifanya kazi ya wanawake wengi, tena bila kuomba ruhusa ya kupeleka mtoto kliniki. Esnah akapewa barua, akafungasha virago. Tangu hapo anafanya vibarua kwa wakulima wadogo, na akisikia mashine ikinguruma ng'ambo ya bonde, anasukuma sahani kando.

Sasa tazama ajabu ya binti huyu. Mwalimu Kiptum aliwapeleka wanafunzi wake karakana ya shamba lile wakajionee, na mashine ya kuchuma iliyowashinda wavulana wote akaiwasha yeye. Alifurahi mpaka akakosa usingizi. Kwenye fomu, pale mama alipotarajia masomo ya uuguzi, akaandika ufundi wa mitambo.

"Leta hiyo karatasi," Esnah alisema, akijifuta mikono. "Mama Chelimo wa hapo jirani ameniambia mmepewa."

Mongina akaitoa kwenye soksi. Mama akasoma polepole, kidole kikifuata maneno, kisha kidole kikasimama.

"Mitambo gani?"

Angeweza kudanganya. Angesema magari, angesema cherehani.

"Zile mashine za kuchuma chai, Mama."

Esnah akavuta kigoda, akaketi.

"Siku moja ilikwama," mama akasema. "Tulishangilia, tukaimba mpaka sauti zikakauka. Kisha akakuja kijana mmoja na spana. Hata dakika kumi hazikuisha. Jumamosi hiyo wanawake sitini tulipewa barua, tukaenda nyumbani. Yule kijana alibaki."

Akaomba kalamu. Alitia sahihi akiikandamiza hadi karatasi ikatoboka.

"Enda usome. Sitaki uwe kwa wale wa kuenda nyumbani." Akamrudishia fomu bila kumtazama. "Lakini siku utaiwasha huko shambani, Mongina, usiniite nikuje kuona."