Mashine Iliyozimia Ijumaa

Kompyuta yangu ni ileile ya zamani. Sanduku jeusi zito kama debe la mahindi, kioo kina kovu pembeni, na herufi A kwenye kibodi ilifutika kitambo. Vidole vyangu vinajua inapokaa. Imeandika barua za kuomba kazi, katiba za vyama vya akina mama, na zaidi ya yote, programu za mazishi. Ukienda mazishi visiwani, Rusinga au Takawiri, ukapewa kijitabu ambacho picha zimekaa sawa na hakuna mjukuu aliyesahauliwa, jua kimetoka Mbita, kwa Mama Liz. Na Mama Liz ndiye mimi.

Sikusoma kompyuta chuoni. Nilijifunza kwa kuuliza na kwa kukosea. Ofisi yangu ni chumba kimoja, lakini kina mabenchi mawili na thamosi ya chai, na anayekuja kuchapisha ukurasa mmoja hukaa mpaka amesikia habari za mji mzima. Sioni haya kusema: napenda habari, na napenda nyumba ikijaa.

Baada ya Pasaka mashine ikaanza kuzimia. Inaandika vizuri, mara kioo cheusi, halafu inaanza upya kama mtu aliyemwagiwa maji. Mwezi wa sita tukamzika mzee mmoja wa Rusinga bila programu. Mjukuu wake alisoma historia ya mzee kwenye karatasi ya daftari iliyolowa jasho, akaruka majina ya wake wawili. Mimi nilisimama nyuma nikiomba ardhi ipasuke.

Nilimwita Oliver, fundi wa Homa Bay, kijana wa vyeti. Alifungua sanduku, akatoa vijidudu vya ziwani vilivyokauka, kikombe kizima. Akasugua memori kwa raba ya kufutia. Mara ya pili akafuta kila kitu na kuweka mfumo upya. Mara ya tatu akaibeba mashine mpaka kwake, akakaa nayo siku tatu, akairudisha Jumatano asubuhi.

"Mama Liz, kwangu haijazima hata mara moja. Nimechapa kurasa mia."

"Sasa kwangu inaumwa nini?"

"Uzee. Hii ilitengenezwa nikiwa chekechea, mama. Ipumzishe."

"Hata mimi nilikuwa nimeshazaa ukiwa chekechea, na hakuna aliyeniambia nipumzike. Kunywa chai uende."

Nilicheka, lakini sikuwa na nafasi ya kuipumzisha. Siku moja kabla, Marcella wa Takawiri alikuwa amekuja. Marcella hununua samaki, ni mtu wa sauti kubwa, lakini siku hiyo aliongea polepole. Mama yake alikuwa amefariki.

"Mama aliacha neno," aliniambia. "Alisema, 'Mimi niandikwe na Mama Liz, asiniandike mtu mwingine.' Ndugu zangu hawataki. Wanasema mashine yako ilimwaibisha yule mzee wa Rusinga. Nimewaambia nitasimama na neno la mama. Vijitabu mia mbili, na boti inaondoka Ijumaa saa kumi na moja jioni."

"Vitakuwa tayari."

"Mama Liz, visipokuwa tayari, mimi ndiye nitatazamwa na ukoo wote kama mjinga. Na wewe hutaandika tena mfu wa Takawiri."

Huo ndio mzigo niliokuwa nao.

Alhamisi niliandika maisha ya yule mama tangu kuzaliwa. Mashine ikazima mara moja, karibu na saa sita mchana, nikapoteza ukurasa, nikauandika tena. Ijumaa saa saba kila kitu kilikuwa kimekaa: picha, nyimbo, wajukuu thelathini na mmoja. Saa nane nikaanza kuchapa. Printa ikavuta pumzi, ikatoa karatasi moja, na mashine ikazimia. Nikaiwasha. Karatasi mbili, chali! Kufika saa nane na nusu ilikuwa imeanguka mara sita, na mabenchi yalikuwa yamejaa watu wanaotazama kama mpira.

"Ipige kidogo kichwani," mmoja akasema.

"Kuna mtu amekufungia kazi, yawa. Mimi nakwambia," mwingine akasema.

Emmah, msusi wa chumba cha tatu, yule asiyekosa neno, akapiga makofi. "Mnajua nini? Wiki ikielekea kuisha, inalala. Si ndivyo kila wiki? Hii mashine ni Msabato! Ijumaa mchana imeshafunga kazi."

Nyumba ikaangua kicheko. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimezoea kusema Ijumaa inazima kwa sababu Ijumaa kuna kazi nyingi, watu wengi huzikwa Jumamosi. Lakini mashine inajuaje Ijumaa? Na kwa Oliver, kurasa mia zilitoka bila kosa.

Nikakaa kwenye kiti, nikafanya kitu ninachokijua. Wengine huandika tarehe. Mimi hukumbuka kwa habari. Siku ilipozima mara ya kwanza Emmah alikuwa akisimulia mchumba wa Rusinga aliyekimbia na mahari. Ilikuwa Ijumaa, alasiri. Siku ya kesi ya mbuzi wa katekista: Jumanne, kabla ya chakula cha mchana. Siku ya yule mzee: Ijumaa tena, saa tisa hivi. Jumamosi? Jumamosi nimecheka na watu mchana kutwa na kuchapa kazi za shule za watoto, na haijawahi kuzima. Na jana Alhamisi ilizima saa sita. Kwa hivyo si Ijumaa peke yake, ni saa. Saa za kupika. Na Ijumaa mchana, ni nani hupika kupita wote? Anayetaka chakula cha Sabato kiwe kimeiva kabla jua halijatua, na Jumamosi hagusi jiko.

Jirani yangu wa ukuta mmoja ni Kezia, mama wa Kisii anayeuza nguo za watoto. Msabato wa kweli, mpole, hana neno na mtu. Nikakumbuka mama wa makaa alivyolalamika kwenye benchi hilohilo: "Kezia siku hizi hanijui. Tangu Pasaka hajanunua hata kopo." Tukasema labda wamekosana. Sasa nikainua pua. Harufu ya maharagwe ilikuwa imejaa ukutani, na moshi hakuna.

Koili! Jiko la koili, la umeme.

Ploti yetu wakati ule ilikuwa na mita moja na waya mwembamba uliopita chumba hadi chumba. Mwenye ploti alikuwa amesema mbele ya wapangaji wote: atakayepatikana na koili, atatoa vitu vyake siku hiyohiyo. Koili inanyonya stima kama ng'ombe mwenye kiu. Kuandika tu, mara nyingi mashine inavumilia. Printa ikianza kupasha moto nayo ikanyonya upande wake, kinachobaki hakiitoshi mashine. Taa zingetuambia kwa kufifia, lakini nani huwasha taa mchana?

Niliinuka nikasema, "Nimeishiwa na chumvi, narudi."

Kezia alifungua mlango kipande. Nyuma yake sufuria ilikuwa chini ya meza, imefunikwa na leso.

"Dada Kezia," nikanong'ona, "maharagwe yako yananiulia mashine."

Uso ukamwanguka. "Mama Liz, tafadhali. Akijua, nitapeleka watoto wapi?"

Hapa lazima niseme ukweli. Nyuma yangu kulikuwa na watu kumi wenye masikio, na habari ile ilikuwa tamu kuliko zote za mwaka. Mtu mtulivu wa kanisani, koili chini ya meza! Ulimi uliniwasha kama uliolamba pilipili. Leo nasimulia kwa sababu Kezia mwenyewe amenipa ruhusa. Amejenga, ana mita yake. Siku ile niliumeza.

"Sijaona kitu," nilisema. "Chomoa. Leta sufuria uani kwangu, jiko la makaa liko tayari. Kabla jua halijatua yatakuwa yameiva."

"Watu watauliza."

"Nitasema nimekuomba unipikie wageni."

"Na wakitaka kula?"

"Watakula omena yangu na ugali. Maharagwe ya Sabato sigusi."

Akashika mikono yangu, akaiachia haraka, akaenda kuchomoa.

Niliporudi Emmah alikuwa amekaa ukingoni mwa benchi. "Chumvi gani hiyo ya dakika kumi? Na iko wapi? Kezia amekwambia nini?"

"Amesema ulimsuka mtoto wake upande mmoja mnene, mwingine mwembamba. Anatafuta msusi."

"Muongo!" Emmah akaruka, na kicheko kikafunika chumvi.

Nikawasha mashine. Saa tisa na dakika tano. Nikabonyeza, nikashika ukingo wa meza. Karatasi moja. Mbili. Tano. Kumi. Ishirini, na kioo kinang'aa. Watu wa mabenchi wakaanza kuhesabu nami. Hamsini. Nikaongeza karatasi. Printa ilikuwa moto kama chapati, ikatema uso wa yule mama tena na tena, akitabasamu na kilemba chake cha kanisani.

"Mnakaa tu?" nikawafokea. "Nyinyi wangu, shikeni, kunjeni! Emmah, vidole vyako si vya kusuka? Panga kurasa!"

Basi nyumba iliyojaa ikawa kiwanda. Wa benchi la kwanza wanakunja, wa la pili wanapiga pini, mama wa makaa anahesabu huku amejifuta mikono mara tatu nisimgombeze. Uani Kezia anakoroga. Saa kumi na nusu kijitabu cha mia mbili kilikuwa mezani, na mashine ilikuwa haijakohoa.

Marcella aliingia na kaka yake mkubwa, yule aliyekataa zaidi. Kaka alichukua kijitabu bila salamu. Akasoma kimya kutoka mwanzo. Alipofika kwenye majina ya wajukuu akasoma kwa kidole, moja moja, mpaka thelathini na moja. Akamkabidhi Marcella.

"Wako wote," alisema. Halafu kwangu, "Ero kamano, asante, mama. Mama yetu alijua kuchagua."

Walibeba maboksi mawili wakashuka kwenye boti. Nusu saa baadaye Oliver akapiga simu kuuliza kama mashine imekufa. Nikamweleza: si memori, si mfumo, ni stima inayopungua printa ikivuta, na kifaa chake cha kupokea umeme kimezeeka, hakivumilii tena. Alete kingine.

Akauliza, "Nani amekupimia? Ulitumia kipima umeme gani?"

"Niliuliza watu," nikasema. Sikumwambia watu gani.

Jumamosi nilivuka kwenda Takawiri na leso yangu ya mazishi. Hema lilijaa mpaka watu wakakaa juani. Katekista akasema, "Tufungue ukurasa wa tatu," na vijitabu mia mbili vikageuzwa kwa pamoja, sauti kama ndege wengi wanaoruka kutoka majini. Marcella akasimama kusoma, na sauti yake kubwa ikawa imerudi. Hakuruka jina hata moja. Safari hii sikusimama nyuma. Nilikuwa safu ya pili, mgongo umenyooka, na mwanamke nisiyemjua aliyeketi kando yangu akaninong'oneza, "Nani ameandika hivi vizuri?"

"Sogea kidogo," nikamwambia, "nikusimulie." Na nilimsimulia yote, isipokuwa maharagwe.