Mlio wa Kumi na Tatu

Jumanne asubuhi Mwavita aliweka vichwa vitatu vya tripodi ya kamera juu ya meza ya studio yake, mtaa wa Nyakabiga, kati ya mashine ya kukatia picha za pasipoti na sahani ya maharage ya jana. Cha kwanza kilikuwa cha tufe, kile kinachoinama kila upande ukilegeza skrubu moja. Cha pili kilikuwa na mikono mitatu, kizito, kimeshika kutu. Cha tatu alikileta Shakuru, fundi baiskeli wa mtaa huo, kimefungwa kwenye gazeti, kinanuka grisi.

Alipaswa kuchagua kabla ya saa nne. Bwana Méthode, msemaji wa mradi wa kujenga hoteli kule Gatumba, alitaka picha moja ndefu ya uwanja mzima, inayozunguka kutoka katikati mpaka irudi ilipoanzia. Ingetundikwa ukutani Ijumaa, siku ya kikao cha kamati ya mradi. Ionyeshe kwamba uwanja ni mtupu na haujawahi kuwa na mtu. Kwenye simu alisema "mtupu" mara tano, huku akitafuna kitu.

Wiki iliyotangulia Mwavita alijaribu na kile cha tufe, akaumbuka. Alipounganisha picha kwenye kompyuta, bango la mradi lilikatika vipande viwili na nguzo ya umeme ikaota kiuno. Kichwa cha tufe huizungusha kamera juu ya skrubu yake, nyuma ya lenzi, basi kila ukigeuka vitu vya karibu huteleza mbele ya vitu vya mbali. Fumba jicho moja, simamisha kidole mbele ya pua, geuza kichwa huku na huku: kidole kitatembea ukutani. Kompyuta ikishindwa kuunganisha, hufuta isichokielewa na kupaka majani mahali pake.

Hicho cha Shakuru kilitokana na kitovu cha gurudumu la nyuma la baiskeli. Juu yake kulikuwa na reli ya chuma ya kuirudisha kamera nyuma, mpaka mzunguko upite kwenye lenzi yenyewe. Shakuru alikuwa ameacha meno kumi na mawili tu. Kila jino lilitoa mlio, tik, na kamera ikasimama. Walikijaribu mlangoni kwa fimbo mbili, moja karibu na nyingine ng'ambo ya barabara, wakasogeza reli kidogo kidogo mpaka fimbo hazikuachana tena kamera ikigeuka. Kisha wakazungusha. Milio kumi na miwili, na kamera ikarudi ilipoanzia.

"Beba iyi, mwanangu," Shakuru alisema. "Ile ingine inadanganyaka."

Gatumba alimkuta Méthode kwenye kiti cha plastiki katikati ya uwanja, anakula brosheti, mishikaki ya mbuzi. Mafuriko yalishaondoka lakini matope yalikuwa bado yananuka. Méthode alikuwa akijifuta mafuta mdomoni kwa karatasi anazozitoa kwenye bahasha, moja moja, na kuzitupa chini. Zilikuwa barua za watu waliokimbia maji, kila mmoja anaomba fidia ya nyumba yake, zote kwa mwandiko wa kujitahidi.  Mwavita akafungua tripodi.

Aliisawazisha kwa pimamaji, akafunga mwanga usibadilike kati ya picha na picha, akaanza. Tik, milima ya Uvira, akapiga. Tik, matete. Tik, bango. Aliendelea hivyo hadi kumi na mbili. Mlio wa kumi na tatu ulipaswa kumrudisha kwenye milima. Badala yake ulimwonyesha nyumba kumi na moja za matofali ya udongo, kuku wawili, kamba ya nguo, na mlango wa buluu ulioachwa wazi. Alipiga picha. Tik, milima ya Uvira. Alipoinua macho kutoka kwenye kamera, uwanjani, kati ya mahali pa picha ya kumi na mbili na pa ile ya kwanza, hapakuwa na nafasi hata ya kupitisha kuku.

Alimwita Méthode. Alikuja anatafuna, akachungulia.

"Ee, ziko," alisema. "Ukate."

"Lakini chef, mkubwa wangu, zinaonekana."

"Madame, kila kiwanja iko na mabaki yake. Uweke kumi na mbili, iyo ingine uache."

Jioni Mwavita alimrudishia Shakuru kichwa chake. Shakuru alihesabu meno kwa chaki, akayahesabu tena kwa kurudi nyuma.

"Ni kumi na mbili. Mi sikukosea. Ni Gatumba ndo iko ivyo. Ata minyororo ya baiskeli za kule inanirudiaka mirefu."

Akanawa mikono kwa petroli, akafunga karakana.

Kesho yake aliingia studio mama mmoja, Adélaïde, aliyekuwa akivusha mawese mpakani Gatumba kabla ya maji. Tangu hapo alikuwa akilala jikoni kwa shemeji yake, Kanyosha. Kamati ilimtaka alete ushahidi kwamba aliwahi kuwa na nyumba, Ijumaa iwe mwisho. Karatasi zake zilichukuliwa na maji, na kuta zilichukuliwa na tingatinga la mradi. Alikuja kupiga picha ndogo ya kubandika kwenye ombi, maana lilikuwa limebaki hilo tu la kufanya. Akaiona picha ya kumi na tatu kwenye kompyuta.

"Iyo ni kwangu," alisema. "Ule mulango wa bleu. Sikupata wakati wa kuufunga."

Mwavita aliiangalia skrini. Kazi ya mradi ilikuwa kubwa kuliko kazi zote alizowahi kupata, na akimuudhi Méthode hatapata nyingine. Kisha akazikumbuka zile barua chini, zenye mafuta ya mbuzi. Akaunganisha picha zote kumi na tatu. Zilishikana bila mshono, na bango lilisimama zima.

Ijumaa picha ilitundikwa. Wajumbe watano waliikaribia, wakarudi nyuma, mmoja akavua miwani na kuhesabu nyumba. Adélaïde aliwaonyesha mlango wake wa buluu, na hakuna aliyebisha. Walikwenda kula. Waliporudi, mwenyekiti alisoma uamuzi kwa sauti nzuri. Kamati inampongeza mpiga picha kwa kuchagua kifaa sahihi. Picha ni ya kweli. Imethibitika kwamba nyumba kumi na moja zipo, na ziko katika hali nzuri, kwenye mlio wa kumi na tatu. Nyumba iliyopo hailipiwi fidia. Milio kumi na miwili iliyobaki ni mali ya mradi. Wakapiga makofi.

Adélaïde alisimama. "Chef, sasa mi nilale wapi?"

"Kwako, mama," Méthode alijibu kwa upole, akionyesha ukutani kwa kijiti cha meno. "Si we mwenyewe umetuonyesha?"

Mwavita alichukia. Alichukia ule upole na yale makofi, akachukia na mikono yake mwenyewe iliyozinyoosha zile picha vizuri kiasi kile. 

Jumamosi yeye na Adélaïde walikwenda Gatumba na godoro, wakiwa wameazima tena kichwa cha Shakuru. Mlinzi wa uwanja aliusoma uamuzi, akawafungulia. Mwavita aliifunika kamera kwa mfuko wa plastiki kwa sababu wingu lilikuwa limeshuka, akazungusha mpaka kumi na tatu, akaweka jicho. Adélaïde alitembea uwanjani na godoro kichwani, akiongozwa kwa sauti: kushoto, mama, mbele kidogo, inama, hapo. Kwenye kidirisha cha kamera aliinama, akapita mlangoni, akalaza godoro sakafuni, akaketi.

Mvua ikaja yote kwa pamoja. Kwenye kidirisha ilipiga bati, ikatiririka hadi nje ya kizingiti, na Adélaïde alikaa mkavu, amenyoosha miguu. Mwavita aliinua kichwa. Adélaïde alikuwa ameketi matopeni, kitenge kimemganda mwilini, maji yanamdondoka kidevuni, na godoro linakunywa.

"Mwanangu," aliuliza kwa sauti kubwa, "bati inavuja?"

Mwavita alirudisha jicho kwenye kamera.

"Apana, mama," alisema. "Haivuji."